Hatari za Kuchomelea Chuma Chenye Zinki

Kwa miaka mingi kazi ya kuchomelea vyuma ilikuwa kazi ya mjini na ya misheni. Mkulima wa Maposeni aliyevunjikiwa plau au fremu ya baiskeli alifunga safari kwenda Peramiho, mahali ambapo Wabenediktini walianza misheni yao mwaka 1898 na baadaye wakajenga karakana za ufundi, au aliendelea mpaka Songea mjini. Sababu kubwa ilikuwa umeme. Mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli hadi mwaka 2018, njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika na kuuunganisha na gridi ya Taifa. Tangu hapo, kadiri nyaya zilivyosogea vijijini, ndivyo mashine ndogo za kuchomelea zilivyozifuata. Leo kijana mwenye mashine ya kubebeka mkononi, jiwe la kusagia na kibanda cha mabati kando ya barabara anaitwa fundi, na kwa kweli kazi haimpigi chenga.

Vyama vya msingi ni miongoni mwa wateja wake wakubwa. Ghala la chama, ambalo zamani lilihitaji seremala, sasa linataka milango ya chuma na nondo za madirisha. Tangi la maji linataka mnara, mizani inataka fremu, mkokoteni unataka ekseli mpya, na mashine ya kupukuchulia mahindi haikosi kuvunjika msimu wenyewe unapofika. Kazi zote hizi hupita mikononi mwa fundi huyo na wanagenzi wake, na nyingi kati yake hufanywa kwa chuma kilichopakwa zinki: mabomba ya maji mapya au makuukuu, mabomba ya mraba yanayong'aa, na vipande vya mabati mazito. Bomba kuukuu la maji hupendwa hasa, kwa kuwa ni imara na hupatikana kwa bei nafuu. Lakini bomba hilo hilo ndilo linalompeleka mwanagenzi kitandani akitetemeka usiku ule ule, naye asijue kilichompata.

Zinki iliyomo katika bati

Chuma kikikaa katika hewa yenye unyevu hushikwa na kutu. Zinki haishikwi na kutu ya aina hiyo. Hujifunika utando mwembamba wa kijivu na kutulia. Tena ina tabia moja ya manufaa: inapogusana na chuma katika unyevu, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, na chuma husalimika hata pale ambapo mkwaruzo umekiacha wazi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya ugunduzi wa kutumbukiza chuma katika zinki iliyoyeyuka, na kutokana na njia hiyo dunia ikapata bati la kuezekea, ndoo, seng'enge na bomba la maji lisiloshika kutu upesi.

Utando huo ni mwembamba. Katika vyuma vya unene wa kawaida vilivyotumbukizwa, haufikii hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Wembamba wake humdanganya mwanagenzi, akadhani kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kumdhuru. Yafaa hesabu ifanywe. Zinki iliyopo katika eneo lililo sawa na upande mpana wa kibiriti kimoja ni karibu gramu moja. Gramu hiyo ikiungua huwa gramu moja na robo ya moshi mweupe. Kibanda chenye urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na kimo cha meta 3 kina hewa ya meta za ujazo 60. Moshi huo ukienea ndani yake na milango ikiwa imefungwa, kila meta ya ujazo itabeba miligramu 20 hivi. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika nchi za viwanda, kuwa kikomo cha wastani kwa siku ya kazi ya saa nane, ni miligramu 5. Na wataalamu wengi siku hizi husema hata hiyo ni nyingi mno. Basi kiungo kimoja tu cha bomba, ndani ya kibanda kilichofungwa, chaweza kuchafua hewa mara nne ya kikomo. Na fundi hapumui hewa ya katikati ya kibanda. Yeye hupumua ile inayopanda kutoka kwenye kiungo alichokiinamia, ambayo ni nzito zaidi.

Sababu ya zinki kuwa moshi upesi hivyo ni tofauti ya joto. Zinki huyeyuka katika nyuzi 420 za Sentigredi na kuchemka katika nyuzi 907. Chuma hakiyeyuki mpaka kifikie karibu nyuzi 1,500, na mwali wa umeme wenyewe una joto la nyuzi elfu kadhaa. Kwa hiyo kabla chuma hakijalainika, zinki iliyo juu yake imekwisha kuchemka na kuruka kama maji yaliyomwagwa juu ya kikaango. Mvuke wake ukikutana na hewa huungua kwa mwali wenye rangi ya kijani kibichi hafifu, ukawa moshi mweupe mzito. Mara nyingine huanguka vipande vyepesi kama pamba au utando wa buibui juu ya meza na mikono. Chembe za moshi huo ni ndogo kupita kiasi, aghalabu chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni. Chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu.

Homa ya usiku

Anachokisikia fundi wakati wa kazi ni kidogo: koo kukauka, kiu, na ladha tamutamu ya chuma mdomoni. Hilo ndilo onyo la kwanza, na wengi hulipuuza. Hufunga kazi, huoga, hula. Kisha, baada ya saa nne hadi kumi na mbili hivi tangu avute moshi, huanza kusikia baridi. Hutetemeka, meno yakagongana, hata akajifunika mablanketi. Homa hupanda, kichwa, mgongo na viungo humuuma, kifua hubana na kikohozi kikavu huja, wengine hutapika. Baadaye jasho jingi humtoka. Asubuhi huamka amechoka mno, na kwa kawaida katika siku moja au mbili hali hurudi kuwa njema.

Maradhi haya huitwa homa ya moshi wa metali. Hayaletwi na kijidudu. Chembe za zinki zinapofika mapafuni, askari wa mwili hujikusanya mahali hapo kama wanavyojikusanya penye uambukizo, wakatoa kemikali zinazopandisha joto la mwili mzima. Waliotaabika nayo kwanza kwa wingi walikuwa wayeyushaji wa shaba iliyochanganywa na zinki. Mwaka 1862 daktari Edward Headlam Greenhow wa Uingereza aliwaeleza madaktari wenzake jinsi mafundi hao walivyokuwa wakishikwa na homa hiyo, na jina walilolitumia Waingereza lilikuwa lile lile walilokuwa wakiiita homa ya vipindi, yaani homa ya namna ya malaria. Ulinganifu huo ulionekana tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wenyewe waliligundua kabla ya madaktari. Anayevuta moshi huo kila siku mwili wake huzoea kwa muda mfupi, na kufikia katikati ya juma haoni homa tena. Akipumzika siku mbili, mazoea hayo humtoka. Ndiyo maana katika viwanda vingi ilijulikana kama homa ya Jumatatu. Fundi wa Maposeni anayefunga karakana Jumamosi mchana, akaenda kanisani Jumapili, na kurudi Jumatatu kwenye mabomba ya zinki, ana hakika ya kuugua Jumatatu usiku kuliko Alhamisi. Wengine huchukua mazoea hayo kuwa ni kukomaa katika kazi, na humcheka mwanagenzi anayetetemeka. Hilo ni kosa kubwa. Mapafu ya fundi mzoefu hupokea moshi ule ule. Kilichonyamaza ni kengele tu.

Malaria au zinki?

Katika nchi ambayo malaria ipo mwaka mzima, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu aliyeshikwa na baridi, homa, maumivu ya viungo na jasho hatafuti sababu nyingine. Huenda duka la dawa, akanunua dawa mseto, akaimeza, na kesho yake akapona. Akasadiki kwamba dawa ndiyo iliyomponya, ilhali homa ya zinki ingeondoka yenyewe. Mara ya tatu na ya nne hufanya vivyo hivyo. Fedha zimepotea, dawa zimeliwa bila sababu, na kazi imeendelea kwa mtindo ule ule.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Fundi aliyekwisha kusikia habari za homa ya zinki anaweza kushikwa na malaria ya kweli, akasema, “Ni moshi wa jana tu, kesho utaisha,” akalala nyumbani siku tatu. Malaria haisubiri siku tatu. Kwa dalili peke yake hakuna awezaye kuzitenganisha homa hizi mbili, wala daktari. Kinachozitenganisha ni tone la damu kidoleni. Kipimo cha haraka cha malaria hutolewa katika zahanati, na majibu yake hupatikana katika muda wa kama robo saa. Kanuni basi ni moja: homa yoyote ipimwe siku ile ile, na mgonjwa amweleze mganga kwa maneno ya wazi kwamba jana alichomelea vyuma vya zinki, saa ngapi, na mahali gani. Mganga hawezi kukisia jambo hilo kwa kumtazama mtu usoni, na mara nyingi halimo katika maswali yake ya kawaida.

Ipo pia dalili ya kutokungoja zahanati ya karibu ikiwa haina uwezo. Mtu akishindwa kupumua vizuri, akahema akiwa amekaa tu, akikohoa makohozi yenye povu, akisikia maumivu makali ya kifua, au homa ikizidi siku mbili, apelekwe hospitali mara moja. Kwa watu wa Maposeni, Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya Peramiho iko jirani. Homa ya zinki ya kawaida haifanyi hivyo. Dalili hizo huonyesha kwamba mapafu yanajaa maji, au kwamba ndani ya moshi ule mlikuwa na kitu kingine kisichokuwa zinki.

Kuhusu maziwa, yapasa kusemwa wazi kwa sababu imani yake imeenea kutoka Dar es Salaam mpaka vijijini: fundi anywe maziwa baada ya kuchomelea ili “yasafishe kifua”. Maziwa ni chakula kizuri, na mwanagenzi aliyefanya kazi kutwa ana haki ya kuyanywa. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi umo mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani. Ubaya wake ni kwamba fundi aliyekunywa nusu lita hujiona amekwisha kujikinga, akafunga mlango na kuendelea.

Swali jingine huulizwa na kina mama, nalo ni la haki: mbona zahanati huwapa watoto wenye kuharisha vidonge vya zinki, na hapa zinki inaambiwa ni sumu? Jibu ni kwamba mwili huihitaji zinki kidogo kupitia chakula, na tumbo lina njia ya kuipokea kwa kipimo. Mapafu hayana mlango wa namna hiyo.

Metali zilizo mbaya zaidi

Zinki humlaza mtu siku mbili. Kadimi inaweza kumuua. Metali hii hupakwa juu ya baadhi ya bolti, nati na vipuri vya mashine za zamani, na kwa macho hufanana sana na zinki, wakati mwingine ikiwa na wekundu wa dhahabu kwa mbali. Imo pia katika baadhi ya nyaya za fedha za kulehemu. Moshi wake huanza kama ule wa zinki: kikohozi, homa, mwili kuuma, kisha siku ya pili au ya tatu, wakati fundi anatazamia nafuu, mapafu hujaa maji. Hakuna njia ya kuipima kibandani. Bolti inayong'aa ambayo asili yake haijulikani ifunguliwe kwa spana, ikatwe kwa msumeno, au iachwe, isichomwe.

Risasi nayo hupatikana katika rangi za zamani, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu iliyopakwa kwenye madaraja na mitambo. Hiyo haileti homa ya usiku mmoja. Hujilimbikiza mwilini miezi na miaka, ikaharibu damu, mishipa ya fahamu na figo, na fundi huipeleka nyumbani kwa watoto wake ndani ya nguo za kazi.

Yasisahauliwe tena mafuta ya kusafishia. Wako wanaofuta bomba kwa petroli kisha wakawasha mwali kabla halijakauka. Hayo hayahitaji maelezo. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za kopo za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na joto na mwanga mkali wa mwali hutoa gesi ya fosjini, ambayo ilitumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Nchini Marekani, mwaka 2005, mhunzi mmoja mzoefu aliyekuwa akiwafundisha wengine alifariki baada ya kuchoma mabomba mengi ya zinki ndani ya karakana yake ili kuondoa utando huo. Alikuwa tayari na maradhi ya mapafu. Wenzake waliisambaza habari hiyo ili wengine wasirudie, na kisa chake chafaa kukumbukwa kwa sababu mbili: uzoefu haukumsaidia, na njia aliyoitumia ndiyo ile ile ambayo wanagenzi wengi huidhani kuwa ya busara, yaani kuichoma zinki kwanza ndipo kuchomelea. Kuichoma ni kuugeuza utando wote kuwa moshi.

Kuiondoa zinki kabla ya mwali

Njia bora ni kuiondoa zinki mahali pa kiungo bila moto. Fundi apime sentimeta tano hivi kila upande wa mahali pa kuunga, asipungue mbili na nusu, kisha asage kwa jiwe mpaka rangi ya chuma chenyewe ionekane. Zinki iliyosagwa huonekana ya kijivu laini. Chuma kilichofikiwa hutoa cheche ndefu za manjano. Hiyo ndiyo alama. Asipokuwa na mashine ya kusagia, tupa na msasa mnene hufanya kazi, ingawa kwa jasho. Vumbi la kusaga nalo lisivutwe, na miwani ivaliwe, maana jiwe lililopasuka halichagui jicho.

Mwanagenzi husahau upande wa ndani wa bomba. Bomba la maji limepakwa zinki nje na ndani, na joto la kiungo huichemsha ile ya ndani vilevile. Moshi wake hutokea mwishoni mwa bomba, wakati mwingine karibu kabisa na uso wa msaidizi anayelishikilia. Sehemu ya ndani iliyo karibu na mdomo isagwe kwa tupa ya mviringo, na msaidizi asikae mbele ya tundu.

Wapo wanaotumia asidi. Asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa huila zinki vizuri, na hata siki huila ikiachwa usiku kucha. Lakini zinki inapoliwa na asidi hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto na sigara, kwa glavu za mpira na miwani. Kisha chuma kioshwe kwa maji mengi na kukaushwa kabisa. Maji ya betri ya gari yasitumiwe na mwanagenzi. Kwa jumla, jiwe la kusagia ni afadhali.

Hata baada ya kusaga, zinki kidogo hubaki. Kwa hiyo mahali pa kazi ni kinga ya pili. Kuchomelea chuma cha namna hii kufanywe nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Fundi asimame upepo ukimpitia ubavuni. Ukimjia usoni moshi huenda nyuma yake kwa wenziwe, na ukimpiga mgongoni moshi huzunguka mbele ya kifua na kupanda ndani ya ngao. Asiinamie kiungo kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kichwa kikae pembeni, nje ya mstari wa moshi unaopanda.

Hapa ndipo majira ya Songea yanapoleta taabu. Mwezi Juni na Julai baridi ni kali, na wakati wa masika mvua hunyesha mfululizo. Fundi hujifungia ndani ya kibanda cha mabati, akaziba na nyufa, na hapo kazi ya nusu saa huwa hatari kuliko kazi ya siku nzima ya Oktoba uwanjani. Kama hapana budi kufanya kazi ndani, milango miwili inayokabiliana ifunguliwe na feni iwekwe ubavuni, ivute moshi kuutoa nje. Feni inayopuliza moja kwa moja kwenye mwali huharibu kiungo na kutawanya moshi kibanda kizima.

Barakoa ni kinga ya tatu, wala si ya kwanza. Kitambaa cha shingoni na zile barakoa za nguo zilizoshonwa kwa wingi mwaka 2020, wakati wa korona, hazizuii moshi wa zinki. Chembe zake hupita katika nyuzi kama dagaa katika wavu wa sangara. Inayofaa ni barakoa ya kuchuja yenye alama ya N95 au FFP2 kwa uchache, na bora zaidi ni ile ya mpira yenye vichujio vya P100 au P3, ambayo hukaa vizuri chini ya ngao. Isiwe imelegea, hewa ikipita pembeni ya pua, chujio halina kazi. Fundi mwenye ndevu nyingi na achague.

Hatari nyingine za mwali, kama macho yanayowasha kana kwamba yamejaa mchanga, ngozi kubabuka na umeme kumpiga mtu aliyesimama kwenye maji, ziko katika chuma cha kila aina, na mwanagenzi hufundishwa siku ya kwanza. Moja tu itajwe hapa, kwa sababu huambatana na zinki mara kwa mara: pipa na bomba lililozibwa. Bomba lililofungwa pande zote mbili likipata joto, hewa na unyevu wa ndani hutanuka mpaka likapasuka. Tundu dogo litobolewe kwanza. Pipa lililowahi kutiwa petroli, dizeli, spiriti au kiuatilifu lisichomelewe kabisa katika karakana ya kijijini, hata likiwa limekaa tupu mwaka mzima, maana mabaki yaliyonata kwenye mishono huwa mvuke joto linapofika.

Kiungo chenyewe

Zinki haimdhuru fundi peke yake, huidhuru kazi. Mvuke wake ukinaswa ndani ya chuma kinachoganda huacha vitundu kama vya mkate, na cheche hurukaruka kuliko kawaida. Mnara wa tangi la lita 5,000 hubeba tani tano za maji. Kiungo chenye vitundu kwa ndani chaweza kuonekana kizuri kwa nje, na mnara ukaanguka siku tangi linapojaa.

Palipobaki zinki kidogo, fundi aende polepole kuliko alivyozoea, akikipeleka kijiti mbele na kukirudisha kwa mwendo mfupi, ili joto liichemshe zinki mbele ya chuma kilichoyeyuka na kuipa nafasi ya kutoka. Nafasi kati ya vipande iwe kubwa kidogo. Vijiti vya E6013 ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi madukani na hufaa kwa chuma kilichosagwa vizuri. E6011 huvumilia zaidi uchafu wa zinki. Kiungo kikipoa, gamba ligongwe lote, brashi ya waya ipite, kisha pale paliposagwa papakwe rangi yenye unga mwingi wa zinki, mara mbili au tatu, siku ile ile. Asipofanya hivyo, bomba zima litabaki jeupe na kiungo kitaoza kwa kutu baada ya masika machache.

Yanayokihusu chama

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila malipo. Karakana nyingi za vijijini huendeshwa na fundi mmoja na ndugu zake, na mwanagenzi hana barua wala mkataba. Lakini chama kinachotoa kazi ndicho chenye fedha, nacho kinaweza kuweka masharti. Katika makubaliano ya kutengeneza milango ya ghala, katibu aandike aina ya chuma. Nondo za madirisha na fremu za mizani zinazokaa chini ya paa hazihitaji zinki hata kidogo. Bomba jeusi na chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hudumu vya kutosha, na aghalabu bei yake ni ndogo. Palipo lazima zinki, gharama ya kusaga, barakoa na rangi iingizwe katika bei tangu mwanzo, kwa maana fundi aliyebanwa bei huokoa kwenye mambo hayo matatu kabla ya mengine yote.

Na mabomba ya maji ya kijiji, yanayopasuka mara kwa mara na kumfanya mwenyekiti wa kamati ya maji amwite mchomeleaji, hayakutengenezwa ili yachomelewe. Bomba la zinki huungwa kwa kukata uzi wa parafujo mwishoni na kuvalisha soketi, kazi ambayo haina moshi, haichomi utando wa ndani, na inaweza kufunguliwa tena litakapoziba. Kifaa cha kukatia uzi kinaweza kununuliwa na vyama viwili au vitatu kwa pamoja na kuzungushwa kwa zamu, mradi kiandikwe katika daftari la mali na kipakwe mafuta kila kinaporudishwa ghalani.